Kitambi Kinaongea na Mwili Mzima: niliyowaambia akina mama wa kikoba pale Mwanga, Kigoma

Nimeombwa niyaandike haya kwa ajili ya wale waliokuwa Kibirizi kwenye dagaa siku ile, hawakuwahi kufika. Nimeyaacha karibu vilevile nilivyoyaongea.

Shikamooni mama zangu, wazee mliokuja nanyi shikamooni, akina dada habari za jioni. Nashukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi kabla watu hawajaanza kununua hisa.

Mwenyekiti aliniambia niongelee vyakula vya kupunguza kitambi. Nitaongea, ila naomba tuanzie mbali kidogo, maana kitambi sio ishu ya gauni kubana tu, ishu ni kile ambacho yale mafuta yanakifanya humo ndani wakati wewe uko zako sokoni unauza na wala husikii maumivu yoyote. Na neno langu la leo ni moja, mengine yote ni kulielezea: ile mboga unayonunua fungu na kuipika nyumbani kila siku inasaidia kwenye hili kuliko ule unga wa kwenye kopo unaouziwa stendi ukaambiwa unayeyusha mafuta.

Kwa miaka mingi hata wataalamu wenyewe walikuwa wanaona mafuta ya mwilini ni akiba tu, umekula ukazidisha yanawekwa pale, ukipata njaa yanatumika. Ikafika mwaka 1993 watafiti wa Marekani wakapima mafuta ya panya wanene wakakuta yanatoa kemikali inaitwa TNF-alfa, ambayo kazi yake ni kuiamsha kinga ya mwili, na walipoizuia ile kemikali insulini ya wale panya, ile homoni inayotoa sukari kwenye damu kuiingiza kwenye seli, ikaanza kufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka uliofuata, 1994, ikagundulika homoni ya leptini, ile inayouambia ubongo umeshiba, nayo inatoka kwenye mafuta hayohayo. Kuanzia hapo stori ikabadilika kabisa. Mafuta ni kiungo kinachofanya kazi, kinatuma ujumbe kwenye ini, kwenye misuli, kwenye ubongo, kwenye mishipa ya damu, na kikizidiwa kinatuma ujumbe mbaya mchana na usiku, ujumbe unaochochea kile wataalamu wanachokiita inflamesheni.

Sasa hiyo inflamesheni tunayoisikia ni nini. Ukijikata kisu ukiwa unamenya muhogo, baada ya muda pale panakuwa pekundu, panavimba, pana joto, panauma. Hiyo ni kinga yako imefika kazini, ikimaliza inaondoka na kidonda kinapona, na bila hiyo tungekuwa tunakufa na vidonda vidogo vidogo. Ile ya kwenye mafuta ya tumbo ni tofauti, haiumi, haionekani, iko chini chini, alafu haiondoki, inaweza kukaa miaka.

Inavyoanza ni hivi. Seli ya mafuta inajaa, inatanuka, inatanuka tena, mpaka damu haiifikii vizuri na oksijeni inapungua, nyingine zinakufa. Kinga inatuma seli zake za usafi zinaitwa makrofeji, zinaizunguka ile seli iliyokufa pande zote kama taji kichwani, ukiangalia kwa hadubini unaona kabisa lile duara. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba kwa mtu mwembamba hizo makrofeji hazifiki 10 katika kila seli 100 za kwenye mafuta, ila kwa mtu mnene sana zinakaribia 40. Yaani karibu nusu ya seli za pale sio mafuta tena, ni askari. Na askari hao wanamwaga TNF-alfa, wanamwaga na kemikali nyingine ya namna hiyo inaitwa interlukini-6, ini likizipokea hizo linatoa protini inaitwa CRP ambayo ndo ile daktari anaweza kuipima kwenye damu, misuli nayo inaanza kuwa bishi kwa insulini, sukari inabaki kwenye damu, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na ukuta wa mishipa ya damu unaanza kuharibika taratibu. Kwaiyo unapoona mtu ana kitambi, ana presha, ana sukari, ana mafuta kwenye ini, mara nyingi hayo sio magonjwa manne yaliyokutana kwa bahati mbaya, yana mzizi mmoja.

Naomba niseme hili kwa heshima kabisa, sijaja hapa kumsema mtu mwili wake. Kwetu mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali, mama akipungua baada ya kuolewa watu wanaanza kumuuliza mumewe maswali. Naelewa. Ila takwimu za kitaifa za afya zilionyesha wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa kama 22 katika kila 100 mwaka 2010, na kwenye utafiti wa 2015 na 2016 wakafika 28. Hao ni dada zetu, ni sisi. Na mkoa wetu huu huu tuna watoto waliodumaa kwenye nyumba ambayo mama ana kitambi na presha, chakula kinashibisha ila hakijengi, na hilo linaniuma sana.

Tuje kwenye mimea. Mmea hauwezi kukimbia. Jua likiupiga upo palepale, mdudu akija upo palepale, ukungu ukija upo palepale, kwaiyo unatengeneza kemikali za kujilinda, na hizo ndo zinazoipa mboga rangi yake, uchungu wake, ukali wake, harufu yake. Wekundu wa kitunguu, weusi wa zambarau, umanjano wa binzari, ukali wa tangawizi, uchungu wa mnafu, ule ukakasi wa chai ya rangi, zote ni kemikali za mmea. Kundi kubwa linaitwa polifenoli, kundi jingine ni karotenoidi, zile za rangi ya chungwa na nyekundu. Ndani ya seli zetu kuna protini inaitwa NF-kapa-B, hiyo ndo inayowasha jeni za inflamesheni, na kwenye maabara kemikali nyingi za mimea zimeonekana zinaituliza, na nyingine zinaamsha njia ya pili inaitwa Nrf2 ambayo inaufanya mwili utengeneze kinga yake wenyewe dhidi ya uharibifu. Nimesema kwenye maabara, naomba mlishike hilo neno, nitalirudia.

Hapa kwetu lazima nianze na mawese, maana nikiyaruka hamtanielewa. Mawese mekundu ya Kigoma ni moja ya vyakula vyenye karotenoidi nyingi sana duniani, wekundu wote ule ni hizo, na yana aina ya vitamini E inaitwa tokotrienoli ambayo mafuta mengi ya kupikia hayana. Hiyo ni zawadi ya mchikichi. Upande wa pili, karibu nusu ya mawese ni mafuta yale mazito, yanayoganda, na ukila mengi kolesteroli mbaya inapanda, alafu kijiko ni kijiko, kalori za mafuta ni zilezile yawe mekundu au meupe. Kwaiyo msimamo wangu mimi ni kwamba mawese yabaki jikoni ila kwa kijiko, sio kwa kumimina. Kijiko kimoja kwa kila mlaji kinatosha kabisa kuufanya mwili uchukue zile karotenoidi za mawese yenyewe na za mboga uliyopika nayo, kwa sababu haziingii mwilini bila mafuta.

Alafu kuna hiki kitu tunakifanya na kinanisikitisha. Mtu anaweka karai jikoni, moto mkali, anamimina mawese, anatupia vipande vya kitunguu, anasubiri mpaka moshi unatoka, kitunguu kinakuwa cheusi, na ule wekundu unapotea yanabaki ya njano hafifu karibu meupe, anasema sasa yameiva harufu imeisha. Mama zangu, ule wekundu uliopotea ndo karotenoidi zenyewe, zimeungua, umebaki na mafuta matupu, yale mazito yamo humohumo, pamoja na moshi. Yaani umetupa kizuri ukabakiza kile ulichotakiwa kukipunguza. Weka moto wa wastani, yakishapata moto kidogo weka kitunguu na nyanya, harufu itakata yenyewe. Au fanya kama wanavyofanya wengi kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, sombe iive kwanza na maji yake, mawese yanaingia mwishoni. Na tusichanganye mawese na mafuta ya mise, yale ya kokwa yana mafuta mazito zaidi na hayana ule wekundu, kazi yake nzuri ni sabuni.

Nyanya na yenyewe inapenda kupikwa. Ina likopeni, ile karotenoidi inayoipa wekundu, na nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo mwili unaichukua likopeni vizuri kuliko ya kachumbari. Kitunguu chekundu kina polifenoli inaitwa kwesetini, na nyingi iko kwenye maganda ya nje nje, kwaiyo ukimenya toa lile ganda kavu tu, usiende ukavua tabaka mbili tatu nene. Matembele yana polifenoli nyingi sana, ila ukiyachemsha kwenye sufuria la maji tele alafu ukamwaga maji, umemwaga nazo. Weka maji kidogo, funika, dakika chache yaive na maji yake. Kwa sombe usinisikilize hivyo, majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi, lazima yatwangwe vizuri na yachemshwe sana bila kufunika, hapo usalama kwanza.

Sasa maharage. Mkoa wetu unalisha nchi maharage, Kasulu, Kibondo, Buhigwe, malori yanapakia kila msimu, alafu sisi wenyewe tunayaona chakula cha shule. Ganda la harage lenye rangi limejaa polifenoli, na ndani kuna nyuzinyuzi. Na hapa kuna kitu ambacho binafsi nakiona kizuri kuliko vyote kwenye hii elimu. Sehemu kubwa ya polifenoli tunazokula hazifyonzwi na utumbo mdogo, zinapita mpaka utumbo mpana, na zamani watu waliona ni kama zimepotea. Kumbe kule chini kuna bakteria, matrilioni, wanazikatakata na kuzigeuza kuwa vitu vidogo ambavyo ndo vinaingia kwenye damu. Na zile nyuzinyuzi za maharage bakteria haohao wanazichachusha wanatoa asidi inaitwa butireti, ambayo ni chakula cha ukuta wa utumbo na inaituliza kinga. Ukuta ukiwa imara vipande vya bakteria havivuji kuingia kwenye damu. Ukiwa dhaifu vinavuja, na kinga ikiviona inawaka, na hiyo ni njia nyingine ya inflamesheni kwa mtu mnene mbali na ile ya mafuta. Kwaiyo unapokula harage unalisha wewe na unalisha hao wafanyakazi wa chini. Soda hawaipati, mkate mweupe na maandazi hawapati kitu cha maana.

Mtu anaweza kusema haya ni ya Wazungu na panya wao. Hapana. Utafiti mzuri sana kwenye hili umefanyika hapa hapa Tanzania, Kilimanjaro, watafiti wetu wa Moshi wakishirikiana na chuo kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya watu 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, wakakuta wa mjini kinga yao iko kwenye hali ya kuwaka zaidi, na wa vijijini wana viwango vya juu vya vitu vinavyotokana na mimea, kimojawapo apijenini, jamii hiyohiyo ya polifenoli. Hawakuishia hapo. Mwaka 2025 wakatoa mwingine, vijana wa kiume 77, baadhi ya wale wa kijijini waliokuwa wanakula chakula cha asili, mboga, kunde, ndizi, nafaka zisizokobolewa, wakahamishiwa chakula cha kisasa cha kusindikwa kwa wiki 2 tu, na wa mjini wakahamishiwa chakula cha asili. Wa kijijini alama za inflamesheni kwenye damu zikapanda na seli zao za kinga zikawa hazipambani na vimelea kama mwanzo. Wa mjini waliorudi kwenye chakula cha asili inflamesheni ikashuka. Na walipopimwa wiki 4 baadaye baadhi ya mabadiliko bado yalikuwepo. Wiki mbili mama zangu! Na kulikuwa na kundi lililokunywa kile kinywaji cha ndizi kilichochachushwa cha Wachaga kwa wiki moja, nao ikashuka. Sijasema mkanywe pombe, nasema angalieni chakula cha bibi zetu kina nguvu kiasi gani. Walikuwa vijana, wanaume, wenye afya, kwaiyo kwa mama wa miaka 50 mwenye sukari tunahitaji utafiti wake, ila mwelekeo unaonekana.

Sasa niseme la makopo. Mnakumbuka nilisema kwenye maabara. Ukichukua kemikali ya binzari manjano, inaitwa kukumini, ukaimwagia kwenye seli ndani ya kisahani inafanya maajabu. Lakini unga wa binzari una kukumini kama asilimia 3 hivi, na ukiila sehemu kubwa inapita tu, haiingii kwenye damu. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha ukiichanganya na kemikali ya pilipili manga inaingia mara 20 zaidi, na hapo ndo biashara ilipoanzia, vidonge vyenye kipimo kikubwa pamoja na pilipili manga. Tatizo, na hili limeripotiwa nchi kadhaa, wapo watu walioumia ini kwa vidonge hivyo. Binzari kwenye pilau na mchuzi haijawahi kuwa shida, ni kiungo. Ikigeuzwa kidonge inakuwa dawa, na dawa ina madhara. Na kwa watu waliofanyiwa majaribio ya kweli, hizi polifenoli za vidonge zinashusha CRP kidogo tu, wakati mwingine hazishushi kabisa. Mtu akipunguza uzito asilimia 5 mpaka 10, yaani mwenye kilo 90 akatoa 4 na nusu mpaka 9, anaona tofauti ya wazi kwenye sukari na presha, na hakuna kopo linalofikia hapo.

Mwili pia hauziweki hizi polifenoli. Unaziona ni za kigeni, unazitoa kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Kwaiyo mboga za majani za Jumapili peke yake hazikufikishi Ijumaa. Shirika la Afya Duniani linasema gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, ukigawanya hiyo ni kama mikono mitano ya kujaza, na kwa hapa Kigoma hilo halihitaji hela nyingi, linahitaji kupunguza ukubwa wa ugali na kuongeza upande wa mboga kwenye sahani. Kahawa yetu ya Buhigwe nayo ina polifenoli ya kutosha inaitwa asidi ya klorojeniki, ila ukiijaza sukari vijiko vitatu umeharibu.

Baada ya hapo watu waliuliza, naandika mawili.

Mama mmoja muuza mgebuka aliuliza, mwanangu, mimi nina sukari, natumia dawa za hospitali na natumia na unga wa mlonge, kuna ubaya? Nikamwambia mama yangu, majani ya mlonge kama mboga ni mazuri sana, pika ule. Ila unga kwa vijiko vingi juu ya dawa unaweza kuishusha sukari kupita kiasi, ukaanza kutetemeka, jasho, kizunguzungu, hiyo ni hatari. Usiache dawa, na siku ya kliniki mwambie daktari unatumia mlonge, usimfiche. Hivyohivyo kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usianze tangawizi nyingi au vidonge vya binzari bila kumwambia anayekutibu.

Dada mwingine akauliza, nitajuaje kama mafuta yangu ni ya hatari, mbona kuna wanene hawaumwi? Swali zuri. Ni kweli mahali mafuta yalipo yana uzito kuliko kilo za kwenye mzani, ya mapajani na ya makalio ni mapole, yale yanayozunguka utumbo na ini ndo makali. Kwaiyo pima kiuno. Futi ya fundi cherehani inatosha, ipitishe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi sio juu ya kitenge, toa pumzi kawaida usivute tumbo ndani. Mwanamke ikizidi sentimita 80, mwanaume ikizidi 94, nenda kapime sukari na presha hata kama unajisikia mzima. Futi ninayo hapa, nitakaa pale chini ya mwembe mpaka mmalize kununua hisa, anayetaka kupimwa aje, na wazee wa kiume nao waje.